Kabla Hujamhukumu Mahidevran

Walioifuata tamthilia ya Sultan, ile ya Waturuki iliyotiwa sauti za Kiswahili na kurushwa Azam TV, wanajua kwamba nyumba nyingi ziligawanyika kambi mbili: ya Hürrem na ya Mahidevran, masuria wawili wa Sultan Suleiman. Kwetu Magomeni kambi ya Mahidevran ilikuwa na mtu mmoja tu, shangazi yangu, ambaye alipenda kukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango ili apate upepo. Sisi wengine, watu sita mpaka wanane kutegemea ni jirani gani umeme wa LUKU umemwishia, tulikuwa tunamzomea yule mwanamke kila alipotokea. "Haya, kaja na wivu wake." Ilifika mahali mtoto akinuna kwa kunyimwa andazi anaambiwa aache Umahidevran.

Usiku mmoja, baada ya mimi kumaliza hukumu ndefu juu ya roho mbaya ya Mahidevran, shangazi akauliza taratibu, macho yake yakiwa bado kwenye kioo: "Mwanangu, huyo mwanamke kwao mnakujua?"

Nikamjibu kwamba kwao hakujaonyeshwa.

"Ehe. Na yule mwenzake?"

Yule mwenzake kwao tulikujua. Tulimwona akiwa ndani ya meli, ametekwa, analia, na tukalia naye. Shangazi akajifunga khanga yake vizuri, akatuaga, akaenda kulala. Mimi sehemu ya usiku ule sikuielewa tena.

Tangu hapo nabishana kuhusu wahusika wasiopendwa kwa namna nyingine, na ndiyo namna ninayotaka kuieleza hapa. Kubishana juu ya alikotoka mhusika ni jambo lenye faida kubwa. Ni mojawapo ya nafasi chache ambazo watu wa rika zote hukaa chumba kimoja wakapima haki na dhuluma kwa sauti. Lakini mabishano hayo huharibika upesi, na nimeona yanavyoharibika. Watu hukimbilia kuamua kama mhusika ni mwema au mbaya kabla hawajajua alikuwa anaogopa nini, na mbele yake kulikuwa na njia ngapi za kupita. Ukilibadili swali hilo, kila kitu kinachofuata kinabadilika.

Kwanza, tenga vyungu. Kila dai linalotolewa kuhusu maisha ya nyuma ya mhusika linatoka kwenye kimoja kati ya vyungu vitatu: yale tuliyoonyeshwa kwenye tamthilia, yale yaliyoandikwa mahali pengine kama ni mtu aliyewahi kuishi kweli, na yale tuliyoyatia wenyewe. Mtu akisema jambo kwa nguvu, muulize kwa upole: hilo umeliona, umelisoma, au umelidhania? Jiulize wewe kwanza kabla hujamuuliza mwenzako.

Chukua mfano wa Leo. Mashabiki wengi wa Hürrem husema kwamba roho yake ilikuwa ngumu kwa sababu alimpoteza mchumba wake Leo. Kwenye tamthilia ni kweli. Leo anamfuata mpaka Istanbul, anaingia kasrini kama mchoraji, na anakufa kwa kula lokumu, ule utamutamu wa Kituruki, uliotiwa sumu, Hürrem akiwa mbele yake. Ni onyesho zito na halitoki kichwani. Lakini Leo ni kiumbe cha waandishi wa tamthilia. Katika chungu cha pili hayumo kabisa. Hata jina Alexandra, la Hürrem kabla ya kutekwa, ambalo tunalitaja kana kwamba tuliona cheti chake cha kuzaliwa, limetufikia kupitia masimulizi ya Kipolandi yaliyokuja baadaye. Lililo la hakika ni kwamba msichana huyo alitekwa kutoka nchi ya Ruthenia, eneo ambalo leo liko magharibi mwa Ukraine na wakati ule lilikuwa chini ya mfalme wa Poland, akauzwa, akaingia nyumba ya Sultan Suleiman aliyetawazwa 1520, na mwaka 1521 akamzalia mtoto wa kiume, Mehmed.

Na Mahidevran? Chungu chake cha pili ni chepesi zaidi. Wako wanaosema alikuwa Mcherkesi kutoka milima ya Kaukazi, wako wanaosema Mwalbania. Jina lenyewe ni la Kiajemi, alilopewa baada ya kuingia. Linabeba neno la mwezi ndani yake. Watumwa waliosilimu katika dola ile mara nyingi waliandikwa bin au binti Abdullah, yaani mtoto wa mja wa Mungu, na hapo ukoo wote wa mtu ukafutwa kwa neno moja. Nilipolijua hilo nililielewa swali la shangazi kwa namna ambayo huenda hata yeye hakuikusudia. Kwao hakuonyeshwi kwa sababu walioandika hawakukuandika.

Chungu cha tatu ndicho kinachojaa kuliko vyote. "Mahidevran hakumpenda Suleiman, alikipenda cheo." Nani ameonyesha? Nani ameandika? Tumetia wenyewe, kwa sababu tulishamchukia, na chuki haipendi kukaa bila sababu. Sisemi kwamba kudhani ni vibaya. Mtazamaji asiyedhani hana raha ya kutazama. Ninachosema ni kwamba dhana isivae nguo za ushahidi.

Jambo la pili ni kumtazama anayeshika kamera. Sultan, ambayo kwa Kituruki inaitwa Muhteşem Yüzyıl, ilianza kurushwa Uturuki Januari 2011 na ikaendelea mpaka 2014. Tangu mwanzo tunawekwa upande wa msichana aliye melini. Tunaingia kasrini pamoja naye, tunashangaa pamoja naye, tunajifunza nani mkubwa na nani mdogo kadiri anavyojifunza yeye. Mahidevran tunamkuta tayari ana mtoto, ana vito, ana wajakazi. Mtu unayemkuta amevaa vizuri unadhani siku zote alikuwa amevaa vizuri.

Dawa yake ni zoezi dogo. Chagua onyesho moja unaloliona kuwa linamshtaki mhusika wako, ulirudie, safari hii ukizima sauti na kumfuata yeye peke yake. Anapoingia chumbani anamtazama nani kwanza? Mikono yake iko wapi? Nani anamwinamia na nani hamwinamii? Nilifanya hivyo kwa zile sehemu za mwanzo ambapo Mahidevran anafika Istanbul akitoka Manisa na mwanawe Mustafa, akakuta moyo wa Suleiman umeanza kuelekea kwa mgeni. Mara ya kwanza nilikuwa nimemwona mwanamke mwenye kiburi anayeshuka kudai nafasi yake. Bila sauti nilimwona mama aliyemshika mtoto wake mkono tangu anaingia mpaka anakaa, na anayezitazama nyuso za watu kabla hajatazama kuta za kasri. Mustafa alizaliwa 1515. Kwa hiyo huyu mwanamke alikuwa na Suleiman angalau miaka mitano kabla ya hadithi yetu kuanza, na hiyo miaka mitano hatukupewa hata dakika moja ya kisengerenyuma ya kutosha kuilia.

Sasa lililo kubwa kuliko yote, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Tafuta sheria ya nyumba. Kila mhusika anaishi ndani ya nyumba yenye sheria zake, zilizosemwa na zisizosemwa, na matendo yake hayasomeki mpaka uzijue. Mtu akikwambia mhusika fulani ni mbaya, muulize: katika nyumba ile, asiyefanya hivyo anapatwa na nini?

Katika nyumba ya Waosmani wakati wa Suleiman, mtoto wa kiume wa sultani hakuzaliwa akiwa mrithi wa uhakika. Wote walikuwa na haki, na aliyewahi kiti ndiye mfalme. Sheria iliyohusishwa na Sultan Mehmed wa Pili, yule aliyeiteka Konstantinopoli 1453, ilimruhusu anayeshika kiti kuwaua ndugu zake kwa ajili ya utulivu wa dola. Haikuwa tishio la mdomo tu. Selim, baba yake Suleiman, alitwaa kiti 1512, na ndugu zake na watoto wao waliuawa. Suleiman alipotawazwa hakuwa na ndugu wa kiume wa kushindana naye, kwa hiyo hakuhitaji kuua, na ndiyo maana tunamwona ana mikono misafi siku ya kwanza.

Kulikuwa na desturi ya pili: suria aliyezaa mtoto wa kiume kwa kawaida hakuzaa tena na sultani. Mtoto akikua anapelekwa kutawala jimbo, na mama yake anakwenda naye kumlea, kumshauri na kumlinda. Mama mmoja, mtoto mmoja wa kiume. Ukiitazama vizuri, desturi hiyo ilikuwa ngao. Kila mtoto alikuwa na mtu mzima mmoja ambaye maisha yake yote yalitegemea uhai wa mtoto huyo. Mahidevran alimfuata Mustafa Manisa mwaka 1533, baadaye Amasya.

Hürrem akaivunja desturi. Alizaa watoto wa kiume watano, mmoja akafa mdogo, na wanne wakakua: Mehmed, Selim, Bayezid na Cihangir. Kati ya 1533 na 1534 Suleiman akamwoa kwa nikaha, jambo ambalo masultani kabla yake walikuwa wameliacha kwa muda mrefu, na Hürrem akabaki kasrini Istanbul badala ya kufuatana na wanawe majimboni.

Sasa rudi kwenye yale maonyesho tuliyokuwa tunayazomea. Habari njema inatangazwa, Hürrem amejifungua mtoto wa kiume, kasri lote linafurahi, na kamera inamwonyesha Mahidevran amekunja uso. Tulikuwa tunasema: wivu. Lakini kila mtoto aliyezaliwa katika chumba kile cha pili alikuwa mtu ambaye siku moja ingebidi amuue Mustafa, au auawe naye. Mama anayesikia shangwe hizo anasikia kitu kingine kabisa. Unaweza bado kumchukia Mahidevran baada ya kulijua hilo. Mimi mwenyewe yapo aliyoyafanya ambayo siwezi kuyameza. Ila huwezi tena kusema ni wivu wa mapenzi tu, na ukisema hivyo unakuwa umeukataa ushahidi.

Sheria ya nyumba ilijithibitisha yenyewe. Mwaka 1553 Mustafa aliitwa kwenye hema la baba yake karibu na Ereğli na akanyongwa. Mwanawe mdogo naye akauawa Bursa. Hürrem alifariki 1558, na mwaka uliofuata wanawe mwenyewe, Selim na Bayezid, wakapigana vita karibu na Konya. Bayezid akakimbilia Uajemi, na 1561 akauawa huko pamoja na wanawe. Hakukuwa tena na Mahidevran wa kulaumiwa. Watoto wa mama mmoja, walionyonya titi moja, na sheria ikawala vilevile. Mtu akikwambia kwamba chanzo cha damu yote ile ni wanawake wawili waliochukiana, mpe kisa cha Selim na Bayezid, halafu mwache afikiri.

Unaposhindwa kupata ushuhuda wa mhusika mwenyewe, tafuta ushuhuda wa mtu aliyeishi katika nyumba inayofanana. Sisi wa pwani hii tunao, tena wa ndani kabisa. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Zanzibar, aliyezaliwa 1844 na baadaye kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkesi. Salme anasimulia kwamba vita vilipoingia kwao, familia ilijificha chini ya ardhi, wazazi wakauawa, na wapanda farasi watatu wakawachukua watoto watatu, kila mmoja na wake: kaka akaenda huku, mdogo kule, Jilfidan upande mwingine. Alifika kwenye nyumba ya Sayyid Said akiwa bado mtoto.

Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini kwa muda. Hapo ndipo nilipoona sura ya kitu ambacho tamthilia haikunionyesha. Sidai kwamba maisha ya Mahidevran yalikuwa hivyohivyo. Kati yake na Jilfidan kuna karne tatu na bahari. Lakini sasa najua msichana wa Kicherkesi anayeingia nyumba ya sultani anaweza kuwa ameacha nini nyuma, na najua kwamba alichokiacha kinaweza kusimuliwa kwa sentensi chache tu na binti yake, miaka mingi baadaye, kwa lugha ya nchi nyingine.

Ukitumia ulinganisho wa namna hii, taja tofauti kwa uaminifu uleule unaotaja kufanana. Zanzibar nako ndugu waligombania kiti. Mwaka 1859 Barghash alimwasi ndugu yake Majid, na Salme, msichana wa miaka kama kumi na mitano, akawa upande wa Barghash na kumwandikia barua. Uasi ukashindwa. Barghash akapelekwa Bombay, akarudi, na mwaka 1870 akakaa kwenye kiti yeye mwenyewe. Mustafa hakuwa na Bombay. Tofauti hiyo moja inaeleza hofu ya Mahidevran kuliko hotuba yoyote.

Kuhusu mashahidi nitasema kwa ufupi, ingawa hapa ndipo watu wengi huteleza. Lile onyesho maarufu la Mahidevran kumpiga Hürrem halikutungwa lote. Bernardo Navagero, balozi wa Venice, alilisimulia jambo la aina hiyo katika taarifa yake ya 1553: kwamba Mahidevran alimrarua mwenzake uso na nywele, akimtukana kuwa ni nyama iliyouzwa, na kwamba Hürrem alipoitwa na sultani alikataa kwenda akisema hafai kuonekana katika hali ile. Kisa kitamu. Ila kabla hujakileta mezani kama ngao, jiulize maswali ya kawaida ambayo ungemuuliza jirani anayekuletea habari. Alikuwepo? Hakuwepo, mwanamume wa Kizungu hakuingia ndani kule. Lilitokea lini? Miaka mingi kabla ya yeye kufika. Alipofika, kati ya wanawake wawili nani alikuwa bado Istanbul na watu wake, na nani alikuwa mbali Amasya? Wewe mwenyewe utaona ni upande gani wa hadithi ulikuwa na mdomo mjini.

Na kipimo hicho hicho kitumike kwa pande zote mbili. Wanaosema Hürrem ndiye aliyemuua Mustafa wanategemea nao kwa kiasi kikubwa mabalozi na minong'ono ya askari.

Lakini hata habari yenye mashaka inaweza kukufundisha kitu, ukiisoma polepole. Litazame tusi lile. Kama kweli Mahidevran alimwita mwenzake nyama iliyouzwa, basi alimtukana kwa jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa nalo. Naye aliingia nyumba ile akiwa mtumwa. Mtu anapochagua tusi, mara nyingi analichota kwenye kisima anachokiogopa mwenyewe. Katika mabishano kuhusu mhusika yeyote, wa tamthilia yoyote, sikiliza anawatukana wengine kwa jambo gani. Hapo maisha yake ya nyuma yanachungulia hata kama mwandishi hakumwandikia kisengerenyuma.

Kuna kosa la upande wa pili, na nimelifanya. Baada ya kusoma yote hayo nilianza kumsafisha Mahidevran kwa kila kitu. Mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa kambi ya Hürrem kufa kupona, akanisimamisha: "Dada, sawa, aliogopa. Sasa yule msichana aliyepigwa, yeye hakuwa anaogopa?" Alikuwa na haki. Kumweleza mtu si kumwondolea hesabu. Nikajiwekea kanuni ambayo nimeishika mpaka leo: kila ninapotoa sababu ya mhusika kufanya ubaya, katika pumzi hiyohiyo namtaja aliyeumia kwa jina. Mahidevran aliogopa sheria ya nyumba, na Hürrem alipigwa mpaka akaharibika uso. Zote mbili zikae mezani. Ukishindwa kuzitaja pamoja, umeacha kujadili, umekuwa wakili.

Pia jaribu kuisema hoja ya mwenzako vizuri kuliko alivyoisema yeye, halafu ndipo uijibu. Mdogo wangu nilimwambia: unachosema ni kwamba Hürrem naye hakuchagua kuja, hakuwa na mtu, na kila mtoto aliyezaa alimzaa ndani ya sheria ileile ya kuuana, kwa hiyo alikuwa na hofu mara nne ya ile ya Mahidevran. Akanitazama, akasema, "Eeh, hivyo hasa." Toka hapo tulibishana usiku mzima na hakuna aliyenuna.

Halafu, chuki kwa mhusika isimfikie anayemwigiza. Mwaka 2013 Anna Gunn, mwigizaji wa Skyler katika tamthilia ya Kimarekani Breaking Bad, ilibidi aandike katika gazeti la New York Times kuhusu chuki ya watazamaji kwa mhusika wake jinsi ilivyomgeukia yeye mwenyewe. Alichofanya ni kazi yake, na aliifanya vizuri mno. Nur Fettahoğlu aliyemwigiza Mahidevran alitufanya tumchukie bila kupewa utoto wa mhusika wake wa kutuonyesha. Huo ni ufundi, na unastahili shukrani.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya niandike. Kabla hujafungua mdomo kumhukumu mhusika, tazama nani yuko chumbani. Mimi sikutazama. Shangazi yangu aliolewa akiwa msichana, akajenga na mumewe tangu wakipanga chumba kimoja, na walipopata nyumba mume akaleta mke wa pili na kumhamisha shangazi chumba cha uani. Familia yote ilijua. Mimi nilijua pia, kwa namna watoto wanavyojua mambo ya wakubwa, bila kuyaunganisha. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nakaa hatua mbili kutoka kwenye kiti chake, nikisema kwa sauti kwamba mwanamke anayeshindwa kukubali mwenzake ana roho mbaya, na watu wakicheka. Yeye alikuwa anasikia kila neno.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo, nikakaa kwenye mkeka nikaanza kuchambua naye upande wangu. Nikamwambia nimesoma kuhusu yule mwanamke. Hakunisaidia kusema nililokuja kusema. Aliacha nilitafute mwenyewe. Nilipomaliza akasema, "Mimi sikuwa nakasirika, mwanangu. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aulize." Kwa hiyo siku hizi, kabla sijaanza, huwa nauliza: kuna mtu hapa yamemkuta? Si lazima kuliuliza kwa mdomo. Mara nyingi inatosha kuzungusha macho na kumwona anayenyamaza, kisha kumpa yeye nafasi ya kwanza ya kusema.

Sehemu ya kifo cha Mustafa tuliitazama wote pamoja, na shangazi safari ile alihamishiwa kiti cha katikati. Mustafa alipoingia hemani hakuna aliyepumua. Ilipokwisha, mdogo wangu, yule wa kambi ya Hürrem, alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Na mama yake sasa anakwenda wapi?"

Nikamwambia ninayoyajua. Alikwenda Bursa, alikozikwa mwanawe. Aliishi huko kwa madeni, ikafika mahali hata kodi ya nyumba ikamshinda. Baadaye Selim, mtoto wa Hürrem, alipokuwa sultani, akampa posho na kuagiza Mustafa ajengewe kaburi la heshima. Mahidevran alifariki 1581, miaka 28 baada ya mwanawe, na akazikwa pembeni yake.

"Kumbe mtoto wa Hürrem ndiye aliyemsitiri," mdogo wangu akasema.

Shangazi akaomba rimoti, akapunguza sauti ya matangazo, akamwambia aanze kumweleza tena taratibu, tangu Manisa.